Mwomba Chumvi Huombea Chunguche

Wahenga wametuachia methali isemayo: mwomba chumvi huombea chunguche. Aghalabu tunaifasiri kwa upande mmoja, kwamba mtu aombapo huomba kwa haja yake mwenyewe, basi na aombe bila kuona haya. Fasiri hiyo ni sahihi. Lakini methali hii ina upande wa pili, nao hatuutaji sana: anayeombea chungu chake sharti akijue chungu hicho. Ajue kina maji kiasi gani, kimekwisha kutiwa chumvi au bado, na walaji ni wangapi. Asiyejua hayo hupewa konzi nzima ya chumvi, mchuzi ukaharibika, na aliyempa asiwe na lawama.

Upande huo wa pili umenishughulisha kwa sababu ambayo huenda wasomaji wa ukurasa huu wakaishangaa, maana haitoki katika diwani wala katika kamusi. Imetoka katika seva. Mimi ni mkaazi wa Makangale, kaskazini ya Pemba, upande wa pili wa msitu wa Ngezi kwa atokaye Konde. Ninakodi mashine iliyoko Ulaya ambayo sijapata kuiona wala sitaiona. Ndani ya mashine hiyo kuna mpangilio mmoja nilioutaka ubadilishwe, na mpangilio huo hauguswi kutoka mbali. Hauna njia ila kuuomba. Nimejifunza katika ombi hilo kwamba kuomba ni kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya fundi, na kwamba adabu ya shairi tunayoilea hapa ina faida hata mahali ambapo hapana shairi.

Nieleze kwanza kinachoombwa. Kompyuta yoyote ipatapo umeme haianzi na mfumo endeshi, uwe Linux au mwingine. Huanza na programu ndogo iliyohifadhiwa katika kipande maalumu juu ya ubao mama. Programu hiyo huvihesabu viungo vya mashine, huvikagua, huvipangia kazi, kisha ndipo humwita mfumo endeshi na kumkabidhi mashine. Kwa Kiingereza huitwa firmware, neno lililotumiwa na Ascher Opler katika jarida la Datamation mwaka 1967, akikusudia kitu kilicho baina ya programu laini na chombo kigumu. Mwaka huo huo wa 1967 ndio lilipoundwa Baraza la Kiswahili la Taifa, nasi leo tuna istilahi yake kwa Kiswahili: programu dhibiti. Ni istilahi nzuri, kwani inataja kazi badala ya kutaja ugumu. Mimi nilipowaeleza vijana wa hapa kijijini nilitumia mfano ulio karibu nao zaidi. Mtoto wetu azaliwapo, neno la kwanza analosomewa sikioni ni adhana, kabla hajajua jina lake. Programu dhibiti ni neno la kwanza mashine inalolisikia. Ni mfano tu, wala si kulinganisha kitukufu na chuma, lakini waliuelewa papo hapo.

Jina BIOS, ambalo mafundi wengi bado wanalitumia, lilianzia katika mfumo wa CP/M wa Gary Kildall katikati ya miaka ya 1970, likaenea duniani kwa kompyuta za IBM kuanzia mwaka 1981. Leo nafasi yake imeshikwa na UEFI, ambayo jumuiya yake ya watengenezaji iliundwa mwaka 2005. Jina limebadilika, kazi ni ile ile. Na kwa kuwa programu hii hufanya kazi kabla ya mfumo endeshi kuamka, mimi niliye mbali sina mlango wa kuingilia. Ninapoifikia seva yangu kwa mtandao huwa nimekwisha kuchelewa; programu dhibiti imemaliza kusema na imenyamaza.

Sasa nieleze chungu chenyewe. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikirekodi sauti za wazee wa Makangale, Tondooni, Konde na vijiji vya jirani: mashairi, tenzi, nyimbo za kazi, mafumbo, na maelezo ya maneno ya Kipemba ambayo vijana wameanza kuyaacha. Pemba ina deni la zamani katika jambo hili. Kamange na Sarahani, washairi wetu wakubwa wa kale, wametufikia kwa sababu wako waliokariri na wako walioandika. Kitabu cha Kale ya Washairi wa Pemba, kilichokusanywa na Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy na kuhaririwa na Abdilatif Abdalla, kilitoka mwaka 2011. Kila nikisomapo kitabu hicho huwaza juu ya wale ambao hawakupata mkusanyaji.

Wazee walionipa sauti zao hawakunipa zote kwa sharti moja. Mashairi ya kujibizana waliniambia niyatoe, ulimwengu uyasikie. Lakini zimo nyimbo za ndani, za wanawake na za uganga, ambazo walizitoa kwa masharti: zisikilizwe na watu wa ukoo wao tu, ama na mtu atakayekuja kuomba ruhusa kwa mdomo wake. Bibi mmoja alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, hii nakupa uiweke, sikupi uitangaze." Nikamwahidi. Ahadi hiyo ndiyo amana, na amana haina tafsiri ya pili.

Kodi ya seva tunaichangia watu wanne, mkubwa wao katika mchango ni mpwa wangu aliyeko Maskati. Tulikodi mashine nzima, isiyo na mpangaji mwingine ndani yake, kwa kuwa rekodi ni nyingi na kubwa, na kwa kuwa hatukutaka sauti za wazee zikae chumba kimoja na wageni. Lakini ndani ya mashine hiyo hiyo tulihitaji kujenga ukuta: upande mmoja kumbi za hadhara, upande wa pili kabati la ukoo. Njia iliyo imara ya kujenga ukuta huo ni kuunda mashine pepe mbili, kila moja na mfumo endeshi wake, hata mdukuzi akivunja mlango wa hadhara asijikute yumo katika kabati. Neno pepe tumekwisha kulizoea katika barua pepe, ingawa mzee mmoja alipolisikia aliniuliza kama mashine hiyo nayo hupandwa na pepo. Nikamwambia, "La, Mzee, hii ni mashine ndani ya mashine." Akasema, "Basi ndilo hilo hilo."

Vichakataji vya Intel vilianza kutolewa na uwezo wa kubeba mashine pepe mwaka 2005, na vya AMD mwaka 2006. Cha kwetu kina uwezo huo. Lakini nilipojaribu kuutumia, kumbukumbu za mfumo zilinijibu kwa maneno machache: "kvm: disabled by bios". Maana yake, uwezo upo, umezimwa na programu dhibiti. Nyumba ina chumba, chumba kina kitasa, ufunguo uko kwa mwenye nyumba.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini mwenye nyumba asitoe ufunguo huo kwa kila mpangaji. Baadhi hutoa. Seva nyingi zina kompyuta ndogo ya pembeni, iliyojengwa kwa kufuata kanuni za IPMI zilizotolewa mwaka 1998, ambayo humwezesha fundi aliye mbali kuiona skrini ya mashine tangu inapowaka. Ziko kampuni zinazomfungulia mpangaji njia hiyo, nyingine kwa saa chache anapoomba, na nyingine hazimfungulii kabisa. Wanaokataa wana hoja. Mwaka 2019 watafiti wa kampuni ya Eclypsium walikodi mashine nzima katika huduma ya wingu ya IBM, wakabadilisha kitu kidogo mno katika programu dhibiti ya ile kompyuta ya pembeni, wakairudisha mashine kwa mwenyewe, kisha wakaikodi tena. Mtumiaji waliyemwongeza alikuwa amefutwa, lakini badiliko lao katika programu dhibiti lilikuwa bado liko pale pale. Mpangaji ameondoka, chumba kimefagiliwa, na alama yake imebaki ukutani. Kwa hiyo mwenye nyumba anayesema "niombe, nitakufanyia mwenyewe" hasemi neno baya. Ila anaponiambia niombe, ameniweka katika mikono ya lugha.

Na lugha ya mahali hapo ina visawe vingi kuliko watu wanavyodhani. Mpangilio nilioutaka, katika ubao wa mtengenezaji mmoja huitwa Intel Virtualization Technology, kwingine VT-x, na katika baadhi ya mbao za zamani huitwa Vanderpool, jina lake la utotoni. Kwenye mashine za AMD, ndugu yake huitwa SVM Mode. Sisi tuliobishana miaka nenda miaka rudi kuhusu kompyuta, ngamizi na tarakilishi hatuna haja ya kuona haya. Mafundi wa chuma nao hawajaafikiana.

Nililiandika ombi la kwanza kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya kampuni ile. Nilitaja mashine, nikataja VT-x, nikataja kuwa imezimwa na kwamba naomba iwashwe. Baada ya saa kadhaa nilipata jibu la neno moja: "Done." Imekwisha. Nikaikagua mashine, nikakuta "disabled by bios" ile ile imenikodolea macho. Baada ya kuulizana ikabainika kwamba fundi alikuwa amewasha VT-d. Hicho ni kitu kingine: huiruhusu mashine pepe kukabidhiwa kifaa halisi, kama vile kadi ya mtandao, lakini hakiwezi kuiumba mashine pepe yenyewe. Herufi moja, x na d. Watu wa lugha wanajua herufi moja inavyoweza kufanya. Baina ya kuomba na kuumba pana irabu moja tu, na mja anayechanganya mawili hayo amepotea mbali.

Jibu la pili lilinitia hofu zaidi. Fundi mwingine alipendekeza kwamba arejeshe mipangilio yote ya programu dhibiti kama ilivyotoka kiwandani, kisha aanze upya. Kwa kusikia, ni pendekezo la msaada. Lakini mashine yetu ilikuwa imewekwa iwake kwa njia ya UEFI, na diski zake zisomwe kwa mtindo uitwao AHCI. Endapo mipangilio ya kiwandani ya ubao ule ingekuwa na njia nyingine ya kuwaka, ama mtindo mwingine wa diski, seva ingeamka isiione nyumba yake. Sauti zisingefutika, lakini zingekuwa ndani ya sanduku lisilofunguka, mbali na kijiji hiki, na kila hatua ya kulifungua ingekuwa ombi jingine kwa fundi mwingine wa zamu nyingine. Nilijibu kwa haraka: la, tafadhali, usifanye hivyo.

Usiku ule niliacha Kiingereza, nikachukua daftari nikaliandika ombi kwa Kiswahili. Sikukusudia kumpelekea fundi Kiswahili. Nilitaka kujua kama nakijua chungu changu. Katika lugha ya watu wengine mtu anaweza kujificha nyuma ya maneno ya kuazima. Katika lugha yake mwenyewe, jambo asilolielewa humkataa kalamuni. Kila nilipotaka kuandika "ule mpangilio", sarufi iliniuliza: upi? Upatanisho wetu haukubali kitu kining'inie bila mwenyewe. Nikisema "uwashwe", lazima ujulikane ni mpangilio. Nikisema "iwashwe", nimekwisha kuhamia kwenye seva. Nikisema "ziwashwe", nimefungua milango yote. Ngeli ilinisimamia kama mkaguzi.

Hata saa ilinidai maelezo. Nilitaka kazi ifanywe baina ya saa 5 na saa 7 usiku, wasikilizaji wakiwa wamelala. Saa yetu huanza jua linapochomoza na jua linapotua. Saa yao huanza usiku wa manane. Mtu akitafsiri nambari bila kutafsiri siku, seva itazimwa mchana watu wakiwa wanasikiliza. Saa 5 usiku ya Makangale ni 23:00 ya Afrika Mashariki, na hiyo ni 20:00 kwa saa ya dunia, UTC. Nikaandika hiyo ya mwisho. Hatimaye ombi likawa hivi:

"Kwa fundi wa zamu. Naomba ubadilishe mpangilio mmoja tu katika programu dhibiti ya seva yenye namba iliyoandikwa juu ya ombi hili. Jina la mpangilio ni Intel Virtualization Technology. Katika baadhi ya mbao huandikwa VT-x. Sasa umezimwa. Naomba uwashwe. Si VT-d, hiyo iache kama ulivyoikuta. Usirejeshe mipangilio ya kiwandani. Usibadilishe njia ya kuwaka, ambayo ni UEFI, wala mtindo wa diski, ambao ni AHCI. Sababu ya ombi: tunataka kuendesha mashine pepe mbili, nasi tumeona ujumbe wa mfumo usemao kwamba uwezo huo umezimwa na BIOS. Unayo ruhusa ya kuizima seva kabisa baina ya 20:00 na 22:00 UTC. Baada ya kuhifadhi badiliko, tafadhali izime kabisa kisha uiwashe, usiiwashe upya tu. Ukimaliza, niandikie jina la mpangilio ulioubadilisha na hali yake mpya. Ikishindikana, rudisha ulivyokuta na unieleze ulichokiona. Ahsante kwa kazi yako ya usiku."

Nilisema izimwe kabisa kwa sababu kwenye baadhi ya mashine badiliko hili halishiki mpaka umeme ukatike na kurudi. Na maneno ya mwisho, ahsante kwa kazi yako ya usiku, sikuyatia kwa kumbembeleza. Mtu wa kwetu hapigi hodi akaanza kudai. Na anayesimama katika chumba chenye baridi na makelele ya feni, usiku, akihudumia mashine za watu asiowajua, anastahili kujua kwamba anayeomba ni mtu. Nimeona wako wanaodhani kwamba unyenyekevu wa Kiswahili na usahihi wa kifundi havikai pamoja. Naona vinakaa. "Naomba" inamheshimu fundi, na "mmoja tu" inauheshimu wakati wake. Kinachoharibu ombi ni kuzunguka, na kuzunguka si adabu.

Nililitafsiri ombi lile kwa Kiingereza sentensi kwa sentensi, nikalituma. Usiku wa pili fundi wa tatu alinijibu kwa mistari miwili: akataja mpangilio kwa jina lake kamili, akasema hali yake mpya, akasema vingine hakuvigusa. Seva iliporudi, lile faili la kvm lilikuwepo mahali pake katika saraka ya vifaa. Kabla ya wiki kwisha ukuta ulikuwa umesimama. Nilikwenda kwa yule bibi nikamweleza kwamba nyimbo zake sasa zina chumba chao na kufuli lao. Akaniuliza ni nani aliyefungua mlango. Nikamwambia simjui. Akasema, "Muombee dua basi, maana kakusitiri ahadi yako."

Nina vijana wawili wanaonisaidia kazi hii, nami sikutaka elimu ya kuomba ikae kwangu peke yangu. Nikifa mimi, seva itaendelea kudai mtu wa kuisemea. Nikawatungia beti hizi ili mpangilio wa ombi uwakae kichwani: salamu, jambo lenyewe na jina lake, mipaka yake, uthibitisho wake, na sababu yake. Sizileti hapa kwa majivuno, ni beti za darasani:

Fundi wa zamu salamu, zikufike kwa heshima,
Naomba jambo muhimu, moja tu la kulipima,
Jina lake lifahamu, herufi yake tazama,
Chumvi naomba kipimo, chungu changu nakijua.

Lililozimwa liwashe, mengine usije shika,
Ya kiwanda sirejeshe, nyumba ikaja anguka,
Ukimaliza nipashe, neno kwa neno andika,
Chumvi naomba kipimo, chungu changu nakijua.

Ndani zimo za amana, sauti nilizopewa,
Za wazee waungwana, nyingine zimezuiwa,
Ukuta uwe bayana, kila fungu kutengewa,
Chumvi naomba kipimo, chungu changu nakijua.

Hazikukaa muda mrefu bila kazi. Ulibaki mpangilio wa pili ambao tulitaka kuuomba, nao ni ule unaoamua seva ifanye nini umeme unapokatika kisha ukarudi. Watengenezaji huuita kwa majina mbalimbali, lakini machaguo yake aghalabu ni matatu: mashine iwake, mashine ikae kimya, ama mashine irudi katika hali yake ya mwisho. Watu wa Pemba hawahitaji kuelezwa umuhimu wa swali hili. Kabla ya mwaka 2010, ulipofika umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, kisiwa hiki kilitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha, na kila nyumba yenye umeme ilijua kukatika na kurudi. Wenzetu wa Unguja nao walikaa gizani kiasi cha mwezi mzima mwaka 2008, kisha kiasi cha miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Kituo cha data cha Ulaya kina betri na majenereta yake, lakini umeme ni umeme.

Ombi hilo sikuliandika mimi. Aliliandika binti mmoja katika wale wawili, kwanza kwa Kiswahili katika daftari, kisha kwa Kiingereza. Aliniletea nilisome. Alikuwa ameandika: "Umeme ukikatika kisha ukarudi, naomba seva iwake yenyewe, hata kama ilikuwa imezimwa." Nikamuuliza kwa nini hakuchagua hali ya mwisho, maana inapendeza kwa kusikia. Akanijibu, "Mjomba, hali ya mwisho inataka kukumbuka. Ikiwa ilizimwa kwa bahati mbaya, itakumbuka kuzimwa, na sisi tuko Makangale." Sikuongeza neno. Ombi lilitimizwa kwa jibu la kwanza.

Sasa nawageukia nyinyi, ndugu zangu wa lugha. Programu dhibiti tunayo. Mipangilio, kuwasha, kuzima, seva na mashine pepe tunavyo, na chaguomsingi kinatumika katika simu zetu kila siku. Mwaka 2004 wenzetu wa mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walituletea Jambo OpenOffice, wakaonyesha kwamba programu nzima ya ofisi inaweza kusema Kiswahili. Lakini ukurasa wa programu dhibiti, kila niliouona, hauna Kiswahili, na istilahi zake hazijafika madarasani. Daftari letu la Makangale limefikia maneno arubaini na ushei. Hali ya mwisho tumeiacha hivyo hivyo. Kuizima mashine kabisa na kuiwasha tumeiita kuilaza na kuiamsha, na kuiwasha upya bila kukata umeme tumeiita kuigutusha. Mtindo wa diski haujapata jina linaloturidhisha. Lile la mtu kukaa mbali akaiona skrini ya mashine tangu inapoamka tumelibishania mwezi mzima, yule binti akitaka jicho la mbali na mwenzake akitaka dirisha la fundi. Mwenye neno lililo bora atuletee, na alilete na sababu yake.